Wimbo uliodumu episodi nne

Anayeanza kutazama anime ndefu, yaani katuni za Kijapani, hufika mahali akashtuka. Jana usiku ameufuata wimbo wa kufungulia mpaka mwisho, maneno ya Kijapani asiyoyaelewa yameshamkaa mdomoni. Leo anafungua episodi inayofuata anakuta sauti nyingine, picha nyingine, hata rangi nyingine. Wapo wanaodhani wamepakua faili lisilo sahihi. Wapo wanaorudi nyuma kuhesabu, wakiamini wameruka episodi kadhaa. Wakiuliza, hujibiwa kwa mkato: hadithi imeingia sura mpya, ndiyo maana wimbo umebadilika.

Nimelisikia jibu hilo miaka mingi na halijawahi kunitosha. Hadithi ina sehemu yake, ila mara nyingi usukani haiushiki yenyewe. Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Japani mwanzoni mwa mwaka 1997. Ndani ya wiki chache mfululizo mmoja ulibadilisha nyimbo zake mara mbili: kwanza kwa ratiba iliyopangwa mapema, kisha kwa dharura ambayo hakuna aliyeitarajia. Ukiziweka mara hizo mbili pamoja, mambo yanayofichwa na ratiba yanaonekana wazi.

Jina la mfululizo, la bendi na la mtu aliyekamatwa nimeyaondoa. Mashabiki wa siku nyingi huenda wakautambua. Somo linasimama bila majina hayo, na mtu aliyekwisha kubeba mzigo wa kosa lake hana sababu ya kutajwa upya kila tunapotaka kujifunza.

Niseme pia mapema kwamba wimbo uliokumbwa na msukosuko ulikuwa wa kufungia, ule unaopigwa mwishoni. Wa kufungulia na wa kufungia huendeshwa kwa aina moja ya mkataba na kalenda ileile, na katika kisa hiki vyote viwili viliguswa, basi ninavisoma kwa pamoja.

## Usuli

Mfululizo ulianza kurushwa Januari 1996 na kituo kikubwa cha televisheni cha Tokyo, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu usiku. Saa hiyo familia ziko mezani kwa chakula cha jioni na watoto hawajalala. Hadithi ilitoka kwenye manga, yaani hadithi ya michoro, ya jarida la kila wiki, inayomhusu mpiganaji wa upanga wa enzi ya Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, aliyeapa kwamba hatamwaga damu tena.

Mtu angetegemea filimbi, ngoma nzito, pengine sauti ya mzee anayeimba habari za heshima na toba. Wimbo wa kwanza wa kufungulia ulikuwa roki nyepesi ya bendi iliyoimbiwa na msichana, na maneno yake yalihusu mapenzi yaliyovunjika na madoadoa ya usoni ambayo mwimbaji aliyachukia. Upanga haumo, wala enzi ya Meiji haimo, wala kiapo. Wimbo huo ukauza nakala zaidi ya milioni moja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka ya 1970 wimbo wa anime ulikuwa mali ya anime yenyewe. Chukua Mazinger Z ya mwaka 1972: Ichiro Mizuki anaimba jina la roboti, anataja na silaha zake, na mtoto akimaliza kuusikia anajua kila kitu kuhusu atakachokitazama. Wimbo wa namna hiyo huwezi kuuhamishia kwenye mfululizo mwingine, na hakuna sababu ya kuubadilisha. Mwaka 1983 mwimbaji Anri, aliyekuwa msanii wa kawaida wa pop, aliimba wimbo wa kufungulia wa Cat's Eye, ukapanda hadi nafasi ya kwanza kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Lebo za muziki, yaani kampuni zinazorekodi na kuuza nyimbo, zikaona mlango umefunguka. Kufikia miaka ya 1990 mambo yalikuwa yamegeuka: mfululizo wa mpira wa kikapu Slam Dunk, ulioanza mwaka 1993, ulijazwa nyimbo za wasanii wa kundi moja la kampuni za muziki, Being, na nyingi zikawa maarufu kuliko wasanii wenyewe walivyokuwa kabla.

Wajapani wanauita ushirikiano huu taiappu. Lebo inapewa nafasi ya wimbo. Waandaaji wanapata wimbo wa msanii anayejulikana na mara nyingi fedha za kusaidia uzalishaji, au lebo yenyewe inakaa ndani ya kamati ya uzalishaji kama mwekezaji. Kampuni ya uchapishaji wa muziki iliyo chini ya kituo cha televisheni nayo kwa kawaida hujipatia fungu kwenye haki za wimbo. Kila anayekaa mezani ana sababu ya kutaka wimbo uuzwe, na pia ana sababu ya kutaka uondoke ukishauzwa, ili mwingine ukae.

## Thamani ya sekunde 90

Tusimame hapa kwenye hesabu, maana bila hesabu kisa hiki kinabaki umbea wa wasanii.

Wimbo wa kufungulia huchukua takribani sekunde 90. Tangazo la kawaida kwenye televisheni ya Japani ni la sekunde 15, kwa hiyo wimbo mmoja unakaa mahali pa matangazo sita, tena mahali ambapo mtazamaji haondoki kwenda kuchukua maji. Mwaka wa televisheni hugawanywa kwa robo za wiki 13 hivi, zinazoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Robo moja inaipa lebo dakika 19 na nusu za hewani, nchi nzima, kwa wimbo mmoja.

Singo, yaani diski inayouza wimbo mmoja, haitoki siku ya kwanza. Wimbo unaanza kusikika, watu wanauzoea, wanautamani mzima maana kwenye televisheni wanapewa kipande tu, halafu baada ya wiki kadhaa diski inaingia dukani. Mfano ulio wazi ni mfululizo wa Fullmetal Alchemist: Brotherhood: ulianza kurushwa tarehe 5 Aprili 2009 na wimbo wa mwimbaji YUI, lakini singo ilitoka tarehe 3 Juni. Miezi miwili ya kuwatia watu hamu.

Mauzo ya singo huwa makubwa wiki za mwanzo, kisha hushuka. Robo ikiisha, wimbo umeshafanya kazi yake kwa lebo. Kuuacha uendelee robo nyingine ni kama kumwachia mpangaji aliyemaliza kodi akae bure huku mwingine amesimama mlangoni na mabegi yake. Miaka ya 1990 mpangaji huyo wa mlangoni alikuwepo daima, kwa sababu soko la diski la Japani lilikuwa linapanda kuelekea kilele chake cha mwaka 1998.

## Yaliyotokea

Kwa mwaka mmoja mfululizo ulitumia wimbo ule wa kwanza wa kufungulia, wakati nyimbo za kufungia zilibadilika mara mbili njiani. Mwanzoni mwa 1997, ulipokaribia episodi ya 40, waandaaji walibadilisha vyote viwili katika episodi moja: wimbo mpya wa kufungulia wa mwimbaji wa kike aliyekuwa bado mgeni sokoni, na wimbo mpya wa kufungia wa bendi ya roki ya wanaume wanne iliyokuwa inapanda kwa kasi. Wimbo wa bendi ulikuwa tayari kwenye albamu yao ya Desemba 1996. Mpango ulikuwa kuutoa tena kama singo mwezi Machi, ukiwa umebebwa na televisheni kwa wiki kadhaa.

Mwezi Februari mpiga dramu wa bendi hiyo alikamatwa kwa kosa la dawa za kulevya.

Lebo ilichukua hatua haraka. Singo ya Machi ikafutwa, diski za bendi zikaondolewa madukani, shughuli za bendi zikasimama. Kwenye mfululizo, wimbo wa kufungia ukatoweka baada ya kusikika katika episodi nne tu. Episodi ya tano ilipofika mwisho, watazamaji walisikia sauti waliyoifahamu: wimbo wa kufungia uliotangulia, wa mwimbaji wa kiume mwenye sauti kali ya juu, umerudi. Ukakaa episodi saba zaidi. Kisha msimu wa machipuko ukafika, ukaingia wimbo mwingine kabisa wa mwimbaji wa kike, na ratiba ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wimbo mpya wa kufungulia haukuguswa. Mwimbaji wake alitoa singo mwezi uleule wa Machi ambao ungekuwa wa bendi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kubadilisha nyimbo zote mbili kwa pamoja, ulikuwa wa kalenda. Hadithi wakati huo ilikuwa katikati ya sehemu yake kubwa na maarufu kuliko zote. Haikuwa imemaliza sura wala kuanza nyingine. Kwa mwenye kufuata hadithi pekee, hapo hapakuwa mahali pa kubadilisha chochote. Kwa mwenye kufuata soko, ilikuwa mwanzo wa mwaka na singo mbili zilisubiri.

Uamuzi wa kuuondoa wimbo haukuwa na mjadala mrefu kwa desturi za Japani. Msanii akikamatwa kwa dawa za kulevya, kazi zake huondolewa kwanza, maswali yanafuata baadaye. Wadhamini wanaolipia matangazo hawataki bidhaa yao ifuatane na jina lililo kwenye magazeti ya asubuhi, na hapa tunazungumzia kipindi cha saa moja na nusu usiku chenye watoto mbele ya skrini. Kituo cha televisheni kikisema kinangoja mahakama, kila mdhamini atapiga simu.

Swali gumu lilikuwa: uwekwe nini mahali pake? Hapa ndipo ninapoipenda kazi ya waandaaji wale, na ninataka msomaji aione kwa karibu.

Wimbo hauwezi kuchomolewa na kuchomekwa mwingine juu ya picha zilezile. Anime huhesabiwa kwa picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 90 ni picha 2,160. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo 180 ndani ya muda huo, na kila pigo linaangukia kila baada ya picha 12. Mwongozaji anapopanga michoro anafuata mapigo hayo: hapa mhusika anageuka, hapa upepo unainua nywele, hapa kiitikio kinaanza na kamera inapaa. Weka juu yake wimbo wa mapigo 150 na kila pigo litaangukia baada ya picha 9.6. Mhusika atageuka kabla ya ngoma, kiitikio kitakuta watu wamesimama. Sikio la mtazamaji litajua kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja. Kuchora upya kunataka wiki nyingi, na wachoraji wale wale wana episodi ya wiki ijayo mikononi.

Waandaaji walikuwa na njia tatu. Wangeweza kuvuta mbele wimbo wa machipuko, lakini wimbo huo ulikuwa na ratiba yake ya singo. Kuuanzisha mapema kungemaliza hamu ya wasikilizaji kabla diski haijafika dukani. Wangeweza kuweka muziki usio na mwimbaji, na hapo pengo lingeonekana kila wiki, ishara ya kudumu kwamba kuna mtu aliyeondolewa. Njia ya tatu ilikuwa kurudisha wimbo wa zamani. Wimbo uliokwisha kurushwa una picha zilizochorwa kwa mapigo yake, una ruhusa zilizokwisha kusainiwa na watazamaji wanaoujua. Tena ulitoka kwenye familia ileile ya kampuni ya muziki, kwa hiyo hapakuwa na mpinzani wa kumwomba msaada.

Wakachagua ya tatu. Episodi saba zile zilikuwa daraja la kufika robo inayofuata, na daraja lilitosha.

## Matokeo

Mfululizo haukuyumba. Uliendelea hadi Septemba 1998, ukapita episodi 90. Wimbo mpya wa kufungulia ulipendwa na unaimbwa mpaka leo kwenye matamasha ya nyimbo za anime.

Bendi ilikaa kimya miezi kadhaa. Mpiga dramu aliondoka rasmi kabla mwaka haujaisha. Oktoba 1997 watatu waliobaki walitoa wimbo mpya, na Desemba wakapiga onyesho Tokyo Dome wakiwa na mpiga dramu wa kusaidia, aliyejiunga rasmi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Wakawa moja ya bendi kubwa za roki katika historia ya nchi yao.

Singo iliyofutwa ilitoka mwaka 2006, miaka tisa baada ya tarehe yake.

## Uchambuzi

Tuanze na lililofanyika vizuri, yaani kurudisha wimbo wa zamani. Uzuri wake haupo kwenye wepesi tu. Mtazamaji aliyeondolewa kwenye wimbo mmoja alirudishwa mahali alipopajua, hakusukumwa mbele kwenye kitu kigeni cha tatu. Kwa mfululizo ambao wahusika wake walikuwa wanapita kwenye sehemu nzito kabisa ya safari yao, sauti ile ya zamani ilikuwa na maana: ndiyo iliyofunga episodi za mwanzo wa safari hiyohiyo. Bila kukusudia, waandaaji walikaribia zaidi hadithi kwa dharura kuliko walivyoikaribia kwa mpango. Mtu yeyote anayesimamia kipindi cha kila wiki, awe Tokyo, Nairobi au Dar es Salaam, ningemwambia ahifadhi kila utambulisho aliowahi kuutumia ukiwa kamili, na ruhusa zake zikiwa hai.

La pili ni kwamba waligusa kilichoungua peke yake. Ingekuwa rahisi, katika hofu ya wiki ile, kurudisha nyimbo zote mbili za zamani ili mambo yalingane. Wangemwadhibu mwimbaji mgeni aliyekuwa hana hatia yoyote, tena wiki chache kabla ya singo yake. Hawakufanya hivyo.

Nikija kwenye makosa, la kwanza ni kubadilisha mlango wa mbele na wa nyuma siku moja. Wimbo wa kufungulia ukibadilika huku wa kufungia ukibaki, mtazamaji ana mahali pa kushika. Ukivibadilisha vyote, ukaondoa kimoja baada ya wiki nne, ukarudisha cha zamani kwa wiki saba, ukaleta kipya tena, mtazamaji amepita nyimbo nyingi ndani ya miezi mitatu. Ratiba ilipangwa kana kwamba hakuna kitakachoharibika, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje kimoja kikianguka.

La pili ni zito zaidi, nalo si la mfululizo huu peke yake. Wimbo haukuwa wa hadithi. Laiti ungekuwa umetungwa kwa ajili ya mhusika yule na kiapo chake, ukaimbwa na mwimbaji aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, kosa la mtu mmoja nyuma ya dramu lingekuwa tatizo dogo: mwimbie upya, piga upya, wimbo ubaki. Kwa sababu wimbo ulikuwa umebandikwa kwa ajili ya kuuza bendi, bendi ilipoanguka wimbo haukuwa na sababu nyingine ya kuwepo. Huo ndio upande wa taiappu usiozungumzwa sana: anayekuinua kwa jina lake atakuangusha kwa jina lilelile.

Na kuna suala la haki. Watatu kati ya wanne hawakukamatwa. Walionyesha wenyewe baadaye kwamba wasikilizaji hawakuwahama. Lakini desturi ya kufuta kazi nzima kwa kosa la mmoja imeendelea. Machi 2019 mwanamuziki mmoja maarufu ambaye pia ni mwigizaji alipokamatwa kwa kokeini, lebo yake ilisimamisha mauzo ya muziki wote wa kundi lake, madukani na mtandaoni, pamoja na ule wa miaka mingi nyuma. Mchezo wa video aliouigizia ukasimamishwa kuuzwa mpaka sura na sauti yake vibadilishwe. Safari hiyo makumi ya maelfu ya watu walitia saini kupinga. Mimi naona kuondoa wimbo hewani saa ya chakula cha watoto, wakati habari bado ni ya moto, kunaeleweka. Kuufungia kabatini miaka tisa hakueleweki, maana ndani yake mna kazi ya watunzi, mafundi wa sauti na wanamuziki ambao hawakukosea lolote.

## Je, hadithi haihusiki kabisa?

Inahusika, na itakuwa dhuluma kusema vinginevyo. Tofauti ni nani anatangulia.

Rudi kwa Brotherhood. Ina episodi 64 na nyimbo tano za kufungulia. Mpya ziliingia kwenye episodi za 15, 27, 39 na 51. Kila pengo ni la episodi 12. Hadithi iliyoandikwa na Hiromu Arakawa haikukatika vipande sawasawa kama mkate, kwa hiyo namba hizo ni za kalenda. Kampuni ya Aniplex iliyokuwa kwenye uzalishaji ni ya Sony Music ya Japani, na wasanii wote watano walikuwa kwenye lebo za familia hiyohiyo. Lakini tazama picha za kila ufunguzi zilizochorwa na studio ya Bones: zinabeba wahusika wa sehemu inayokuja, nguo zao, vita vyao, hata huzuni ambayo bado hujaifikia. Kalenda ndiyo iliyosema lini, wachoraji wakasema nini. Mtazamaji wa kawaida anaona nini peke yake, ndiyo maana anaamini hadithi ndiyo iliyoamua.

One Piece, mfululizo mrefu wa maharamia, ni mfano wa kinyume, na ninaupenda kwa hilo. Kwa kuwa haina mwisho wa karibu, nyimbo zake hazina urefu wa kudumu: mmoja ulidumu episodi 15, mwingine episodi 74. Episodi ya 517 ilipofika Oktoba 2011, hadithi iliruka miaka miwili mbele na wahusika wakakutana tena. Kwa tukio hilo waandaaji walimrudisha Hiroshi Kitadani, aliyeimba ufunguzi wa kwanza mwaka 1999, pamoja na mtunzi wa muziki Kohei Tanaka. Hapo huwezi kusema ni duka tu. Mtu alikaa akafikiri: sauti gani inastahili kuwapokea hawa watu wakirudi?

Kisha kuna mifululizo ambayo haikubadilisha. Digimon Adventure ilimaliza episodi zake 54 na wimbo mmoja wa kufungulia wa Koji Wada. Fedha za mfululizo ule zilitoka kwenye vifaa vya kuchezea, na muuza vifaa vya kuchezea anataka mtoto aimbe wimbo mmoja mwaka mzima mpaka asikie noti tatu tu akumbuke bidhaa. Dragon Ball Z nayo ilitumia nyimbo mbili tu kwa episodi 291. Sazae-san, iliyoanza mwaka 1969, bado inafungua kwa wimbo wake uleule. Ukitaka kujua kwa nini wimbo umebadilika au umebaki, anza na anayelipa na anachouza: singo, kifaa cha kuchezea, au mazoea ya familia nzima kukaa pamoja Jumapili jioni.

Mambo yamehama kidogo siku hizi. Mifululizo mingi ina episodi 12 au 13 tu, kwa hiyo wimbo hubadilika msimu unapobadilika na hakuna anayeshtuka. Diski imepungua nguvu, lakini nafasi ile ya sekunde 90 haijapungua bei. Mwaka 2023 wimbo wa YOASOBI uliofungua Oshi no Ko ulikuwa wa kwanza wa Kijapani kushika kileleni mwa chati ya Billboard inayohesabu dunia nzima ukiiondoa Marekani. Sisi tunaotazama episodi sita kwa usiku mmoja, mikononi tuna kitufe cha kuruka wimbo, tumekuwa sehemu ya hesabu hiyo kwa namna nyingine: tunauruka kwenye mfululizo, tunautafuta mzima baadaye kwenye simu.

Ukiitazama tena kazi yoyote ndefu ya miaka ya 1990, jaribu kuacha wimbo uende mpaka mwisho na usome mstari mdogo unaotaja mwimbaji na lebo. Andika namba ya episodi unapobadilika, kisha hesabu kwa 12 au 13. Ukikuta wimbo uliodumu wiki nne tu katikati ya namba zilizopangika, na baada yake sauti ya zamani imerudi, ujue kwamba wiki ile huko studio watu walikesha.